SAM NTIRO: BALOZI ALIYECHORA, AU MCHORAJI ALIYEPEWA UBALOZI?

Huku Ukerewe tunaendelea, baridi inabana lakini maboksi yanabebeka. Leo naomba tuweke pembeni habari za nauli na makaratasi. Nina hoja, na hoja yenyewe inaanza na swali dogo.

Balozi wa kwanza wa nchi yetu hapa London alikuwa nani?

Nimewauliza Wabongo wengi wa huku swali hili, tena watu waliosoma. Wengine wanataja wanasiasa wakubwa wakubwa, wengine wanacheka tu. Jibu ni Sam Joseph Ntiro, mtoto wa Machame. Na kabla hajawa balozi, na alipokuwa balozi, na baada ya kuacha ubalozi, alikuwa mchoraji. Simaanishi mtu anayechora-chora Jumapili akikosa la kufanya. Nasema mchoraji hasa, aliyesomea, ambaye picha yake ilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa la New York wakati Tanganyika bado ilikuwa inatawaliwa na Mwingereza.

Kwa wale wasiomfahamu, nitaeleza kwa kifupi. Ntiro alizaliwa mwaka 1923 kule kwetu Machame. Akasoma hadi Makerere, Uganda, ambako wakati huo ndiko kulikuwa kilele cha elimu kwa Afrika Mashariki nzima. Pale alifundishwa na mama mmoja wa Kiingereza, Margaret Trowell, aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere miaka ya 1930. Huyu mama hakuwapa wanafunzi picha za Kizungu wazinakili. Alikuwa akiwasimulia tukio, kisha anawaacha wachore kile walichokiona vichwani mwao: soko, mvua, harusi, watu wakirudi shamba. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa hapa London, kwenye Imperial Institute. Ntiro alipomaliza masomo alibaki Makerere kufundisha, na mwaka 1952 akaja London kusoma kwenye shule ya sanaa ya Slade.

Slade ipo mpaka leo, ndani ya UCL, barabara ya Gower. Ukipita na basi unaona jengo lenye nguzo na kuba, wanafunzi wamekaa kwenye ngazi. Ntiro alikaa pale mpaka 1955. Hebu pigeni picha ya London ya wakati huo. Desemba ya 1952 ndiyo ilishuka ile hewa chafu ya moshi wa makaa, siku tano mtu haoni hata miguu yake, na maelfu ya watu wakafa kwa vifua. Vyakula vingine bado vilikuwa vya mgao, na mgao wenyewe haukuisha mpaka Julai 1954. Sisi tuliokuja juzi tunalalamika gesi imepanda bei na treni zimegoma, jamani, tumshukuru Mungu.

Mkuu wa Slade siku hizo alikuwa William Coldstream, mchoraji aliyesifika kwa kupima. Yaani mtu anakaa mbele yako, wewe unanyoosha mkono na brashi, unafumba jicho moja, unapima kutoka pua hadi kidevu, unaweka alama, unapima tena. Hayo ndiyo mazingira aliyoingia mwana wa Machame. Miaka mitatu!

Sasa hapa ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri. Baada ya miaka hiyo yote, Ntiro alichora nini? Hakuwachora akina bibi wa Kiingereza wameketi kwenye viti. Aliendelea kuchora Machame. Migomba, mlima, watu wakikata kuni, watu sokoni, ng'ombe, watu wakilima kwa pamoja. Watu wake ni wadogo, wamepangana kwa safu, mara nyingi sura hazionekani vizuri, na nchi iliyowazunguka ni kubwa kuliko wao. Hawasimami wakupigie pozi. Wanafanya kazi, wala hawajui kwamba unawaangalia.

Kuna waliomwita mchoraji wa kitoto, kwamba anachora kama mtu asiyefundishwa. Mimi naona hapo walikosea kabisa, na wanaorudia maneno hayo leo wanakosea vilevile. Mtu aliyekaa Slade miaka mitatu anajua kupima pua na kidevu. Kama hakuvipima, ni kwa sababu hakutaka. Kwa maoni yangu alikuwa na jambo la kusema ambalo uso wa mtu mmoja usingeweza kulisema, kwamba kule kwetu kazi ni ya watu wengi pamoja. Ukitaka kumwonyesha mtu msaragambo ni nini, utachora sura ya nani? Utachora safu.

Na msidhani nabuni. Mwaka 1953, akiwa bado mwanafunzi hapa London, kilitoka kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga. Angalieni mpangilio huo: mkono mmoja unaandika desturi, mkono mwingine unazichora. Kwangu mimi hiyo ilikuwa kazi moja. Alikuwa anaweka akiba. Aliona vitu vinaondoka, akaviweka mahali ambapo haviwezi kuoza.

Mfano mzuri ni picha yake ya mwaka 1956, aliyoichora baada ya kumaliza Slade. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku". Sisi tunajua hiyo pombe ni nini, hahaha, mbege! Ni picha ya rangi za mafuta, wala si kubwa, unaweza kuibeba kwapani. Mwaka 1960 ikaingia kwenye mkusanyiko wa Museum of Modern Art, New York, jumba lilelile lenye kazi za Picasso na Matisse. Fikirieni, wandugu. Mbege ya Machame, New York, mwaka 1960! Na ni wangapi kati yenu mliosoma shule za Kilimanjaro mliwahi kuambiwa habari hii darasani? Mimi sikuambiwa. Niliisoma huku ughaibuni, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu.

Halafu ukaja uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Nchi changa, wasomi wanahesabika kwa vidole, na serikali ikahitaji mtu wa kuiwakilisha kwa Malkia. Akateuliwa Ntiro. Cheo chenyewe kwa nchi za Jumuiya ya Madola kinaitwa Kamishna Mkuu, lakini ni balozi tu. Alikaa London hadi 1964, mwaka ule ule wa Muungano.

Alikuja na mke wake, na huyu mama naye msimpite hivi hivi. Sarah Nyendwoha, Mnyoro wa Uganda, alisoma historia Oxford, akahitimu mwaka 1954, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata digrii pale. Aliporudi Uganda kufundisha akakuta amepangiwa mshahara wa chini kuliko wanaume wenye elimu kama yake. Akakataa kuupokea. Akaendelea kufundisha bila kuchukua pesa hiyo, mpaka wakubwa wakaona aibu na jambo likarekebishwa. Kwa hiyo kwenye nyumba ile ya balozi alikuwamo mtu aliyejua kudai thamani ya kazi. Nimemtaja makusudi, mtaona mbele.

Sasa turudi kwenye kichwa cha habari. Alikuwa balozi aliyechora, au mchoraji aliyepewa ubalozi? Mnaweza kusema ni maneno tu. Mimi nasema siyo maneno tu. Baada ya London alikuwa Kamishna wa Utamaduni serikalini, halafu akafundisha sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993. Kazi zote hizo ni za heshima na nchi ilizihitaji, sizidharau hata kidogo. Lakini niambieni, leo hii kimebaki nini mkononi? Barua za ubalozi ziko kwenye mafaili. Hotuba zimesahaulika. Mikutano ya wizara imekwisha na posho zake zimekwisha. Zilizobaki ni picha. Ukitaka kujua Machame ilionekanaje kwa macho ya mtu aliyezaliwa pale mwaka 1923, huwezi kwenda kwenye faili la wizara. Utakwenda kwenye picha.

Tunapenda sana kumheshimu mtu kwa kumpa kiti. Mchoraji hodari? Mpe ukurugenzi! Mwandishi mzuri? Mpe ukamishna! Tunadhani tumemsifu, kumbe tumemwongezea vikao. Heshima ya mchoraji ni kununua picha yake, kuitundika mahali watoto wataiona, na kuwaeleza nani kaichora. Kiti ni cha kukaa. Picha ndiyo kazi.

Najua kuna watakaosema, "Wewe kaa hukohuko London na maneno yako, lakini huyo Ntiro wako mbona aliishi kwa mshahara?" Ni kweli. Hilo silikatai, tena ni sehemu ya hoja yangu. Sijaona popote kwamba picha peke yake ndiyo iliyomlisha. Alifundisha, akatumikia serikali, na brashi ikafuatana naye kokote. Wala si yeye peke yake. Mkumbukeni Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, ambaye hakuwahi kukanyaga shule ya sanaa. Alikuja Dar, akafanya vibarua na kazi za ndani kwa wageni, na kama mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya mbao laini kwa rangi za mafuta za dukani. Akauza kule Msasani na Oysterbay, wanunuzi wengi wakiwa wageni. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi kwa kudhaniwa ni mtu mwingine. Aliishi kwa kuchora miaka minne tu, lakini leo jina lake limekuwa jina la sanaa nzima, na wanaokula kwa jina hilo ni wengi.

Mmoja alikuwa na Makerere na Slade, mwingine hakuwa na cheti hata kimoja. Lakini wote wawili walinunuliwa kwanza na watu wa nje. Hapo ndipo penye aibu, na aibu si yao.

Sasa nifike nyumbani. Wale wa ukoo mnajua ninakokwenda. Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, amefaulu, na anataka kusomea sanaa, kuchora. Kikao kimekaa. Nimeombwa vitu viwili: nitume mchango wa ada, na nimpigie simu kijana nimwambie asome uhasibu au kitu chochote "cha maana". La kwanza nitafanya. La pili sifanyi.

Baba Mkubwa, nakuheshimu sana na unajua. Shangazi, najua utasomewa haya na watoto, na utasema huyu Ulaya imemharibu. Haijaniharibu. Imenifundisha tu kwamba wenzetu hawa hawaogopi kuita kuchora kazi. Kitabu cha mtoto wa miaka mitatu kina mchoraji, na jina lake limeandikwa kwenye jalada karibu na la mwandishi. Katuni ya gazeti ina mchoraji. Stempu, noti, chapa ya unga, tangazo la chanjo ukutani hospitalini, yote yamechorwa na mtu aliyelipwa. Na sisi je, hatuna? Gado ni nani? Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa anasomea usanifu majengo pale Ardhi, akaacha mwaka 1992 kwenda Nairobi kuchora katuni za Daily Nation. Nina hakika kuna shangazi wa mtu aliyelia siku hiyo. Miaka mingi viongozi wa Afrika Mashariki walifungua gazeti asubuhi wakiogopa kujiona wamechorwaje. John Kilaka naye amechora vitabu vya hadithi za wanyama kwa mtindo wa kwetu, na vimesomwa na watoto wa Ulaya. Hizo si kazi?

Tena angalieni hapahapa London. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1984, alipita Slade ileile ya Ntiro. Anachora juu ya lubugo, lile gome la mti la Waganda, na mwaka 2021 alifanya maonyesho Royal Academy hapa mjini. Na kilichonifurahisha, hakuingia peke yake. Alitenga nafasi kwa wakubwa waliomtangulia, akina Jak Katarikawe, Theresa Musoke na Elimo Njau. Huyo Njau ni wa Marangu, mchoraji wa zile picha za ukutani za kanisa la Murang'a za mwaka 1959, na mwanzilishi wa Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965. Yaani Mchagga mwingine tena! Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kuletwa Uingereza akiwa mchanga, alishinda tuzo ya Turner mwaka 2017 akiwa na miaka 63. Miaka 63, wandugu. Ingekuwa kwenye ukoo wetu, tangu akiwa na 30 angeshaambiwa aachane na mchezo aolewe.

Kwa hiyo sisemi kijana atatajirika. Nikisema hivyo nitakuwa namdanganya, na nyinyi pia. Uwezekano mkubwa atahitaji mshahara wa kitu kingine, afundishe, achore matangazo, atengeneze vitabu vya shule. Ntiro mwenyewe alifanya hivyo na hakupungua. Nitakachomwambia kijana kwenye simu ni hiki: soma sawasawa, jifunze kupima pua na kidevu mpaka mkono uchoke, halafu chora unachokijua. Usichore simba kwa sababu mtalii anataka simba, kama wewe hujawahi kumwona simba. Chora babu yako anavyokwepa kulipa deni la duka. Chora wanawake wa Kiboriloni wakipanga mitumba. Na ukimaliza, taja bei, usione haya. Mkumbuke Mama Sarah, aliyekataa kupokea pungufu ya haki yake.

Na kwenu mliobaki, pamoja na sisi tunaobeba boksi huku, nina maneno machache. Picha za Ntiro zimewahi kupigwa mnada kwenye nyumba ya Bonhams hapa London, eneo la New Bond Street. Kutoka pale hadi ubalozi wetu ulipo, Stratford Place, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Picha za vihamba vyetu zinanyanyuliwa, nyundo inagongwa, na zinaondoka na mtu mwingine. Simlaumu aliyenunua, ametoa pesa yake na ataitunza. Nawalaumu walioweza kununua wakati mchoraji bado yuko hai, anakutana nao kanisani na sokoni, wakaona heri kutundika kalenda ya benki. Nyumba ngapi zimejengwa kule kwetu na pesa za majuu? Za ghorofa, zenye vigae na madirisha ya vioo vya rangi. Ukiingia sebuleni ukutani kuna nini? Saa ya plastiki na picha ya maporomoko ya maji ya Uswisi. Na nje ya dirisha kuna Kilimanjaro!!

Napendekeza hivi. Kila harusi, kila ubarikio, kila nyumba mpya, badala ya seti ya kumi na nane ya glasi, watu wachangie picha moja ya mchoraji aliye hai wa kwetu. Haizidi bei ya mbuzi wa ndafu. Na walimu mliomo humu, wa shule za Hai na Moshi, chukueni jina la Sam Ntiro mlipeleke darasani. Haliko kwenye mtaala? Liseme tu, dakika tano zinatosha. Mtoto wa nyuma kabisa, yule anayechapwa kila siku kwa kuchora kwenye daftari la hesabu, atainua kichwa.

Nusu ya ada ya mwaka wa kwanza ninatuma mwisho wa mwezi huu kupitia kwa dada. Nusu nyingine naomba mgawane, na naomba risiti, msije mkanijengea banda la kuku. Mwenye hoja ya kunipinga aandike, nitamjibu. Ila asiniambie kuchora si kazi. Hilo tumeshalimaliza.

Nawasilisha. Wasalimieni wazee wote, na mbege mkinywa mnikumbuke.

Tuko pamoja.